Pikipiki Haiwaki kwa Stata: Pima Ethi Kabla Hujanunua Betri

Mwongozo huu ni wa pikipiki za kazi zenye betri ya volti 12, cc 100 hadi 150, ambazo ukipiga kiki zinawaka lakini kitufe cha stata kinagoma. Kama hata kiki haiwashi, anza na plagi na mafuta, siyo huku. Ethi ni njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha injini na chesisi.

Andaa mita ya dijitali, spana namba 8 na 10, bisibisi ya nyota, msasa laini na grisi. Usitegemee taa ya majaribio. Balbu yake inakula umeme kidogo sana, hivyo inang'aa vizuri hata kwenye waya uliobakiwa na nyuzi mbili, wakati stata inavuta makumi ya ampia.

Hatua ya 1: Betri

Weka mita DC 20, pima asubuhi kabla hujaiwasha. Volti 12.6 imejaa, 12.4 inatosha kuendelea na vipimo, 12.0 chaji kwanza. Ikibaki 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa; hiyo kweli badilisha. Chaji kwa sehemu ya kumi ya Ah zake (ampia-saa, yaani ukubwa wa betri): betri ya Ah 9 ipewe ampia 0.9. Chaja ya gari ya ampia 10 inaichemsha na kuiua.

Kisha bonyeza stata huku unaangalia mita. Betri nzima haishuki chini ya 9.6.

Hatua ya 2: Rilei

Rilei ni swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata. Gia iwe fri, shika klachi, bonyeza. Ukisikia "tik" moja safi, nenda hatua ya 3. Ikiwa "tik-tik-tik" mfululizo, betri ina njaa au taminali imelegea. Ikiwa kimya, angalia fyuzi, kisha pima nyaya mbili ndogo za rilei huku kitufe kimebonyezwa. Zikiwa na volti 12 na rilei haiiti, rilei imekufa. Zisipokuwa nazo, fungua swichi ya klachi na kitufe chenyewe. Vumbi jekundu la barabara za Kasulu na Kibondo hujaa humo. Safisha kwa msasa, usipake mafuta.

Hatua ya 3: Ethi na waya mkubwa

Hapa ndipo muda unapotea. Dalili ni hizi: betri ina 12.6, rilei inaita, stata inazunguka kwa uvivu au haizunguki kabisa. Mtu anabadilisha betri, inafanya kazi siku tatu kwa sababu betri mpya ina nguvu ya kusukuma kupita kizuizi, kisha tatizo linarudi.

Usipime waya kwa omu (kipimo cha ukinzani). Waya uliooza ndani utasoma karibu sifuri, kwa sababu mita inapitisha umeme mdogo mno. Kizuizi kinaonekana pale tu mzigo unapovutwa, kwa hiyo pima volti zinazopotea wakati stata imebonyezwa.

Ncha nyeusi iguse risasi ya nguzo hasi ya betri. Narudia: risasi yenyewe, siyo bolti wala taminali, maana ukigusa taminali umeshairuka sehemu inayoharibika zaidi. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha mwili wa stata. Bonyeza sekunde 3. Ikizidi 0.3, ethi ni mbovu. Ili kujua wapi, acha nyeusi ilipo, rudisha nyekundu hatua kwa hatua: bolti ya injini, kichwa cha waya, taminali ya betri. Namba inapoanguka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na pale ulipotoka.

Upande wa chanya, ncha moja iwe kwenye risasi ya nguzo chanya, nyingine kwenye bolti ya stata. Kikomo ni 0.5, rilei ikiwemo. Ikisoma volti 12 zote wakati umebonyeza, rilei inaita lakini ndani haigusi, au waya umekatika.

Injini ikiwaka katikati ya kipimo, namba haina maana. Vua kofia ya plagi, lakini usiiache ikining'inia, kwa sababu moto ukikosa pa kupita unaweza kuua CDI (kifaa cha kielektroniki kinachotoa moto wa plagi). Ichomeke kwenye plagi ya akiba iliyolazwa kwenye chuma cha injini. Plagi ya injini ibaki mahali pake, mvuke wa petroli usitoke karibu na cheche.

Ukishajua mahali, toa waya wa hasi kwanza, maana spana ikigusa chesisi ukiwa unafungua chanya utapata cheche. Sugua pande zote mbili, rangi ya chesisi ikiwemo, hadi chuma king'ae. Kaza, ndipo upake grisi juu. Pikipiki inayobeba chumvi ya Uvinza uifanyie hivi kila baada ya miezi mitatu, kwani chumvi ikipata unyevu wa mvua inakula shaba ndani ya gamba bila kuonekana nje. Ukikuta unga wa kijani, kata waya hadi ufike shaba nyekundu, ubane kichwa kipya. Kupindapinda nyuzi na kufunga solotepu siyo matengenezo.

Hatua ya 4: Kaboni

Ukipata sifuri pande zote mbili za hatua ya 3, betri haishuki na stata iko kimya, umeme hauzunguki: kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya stata) zimekwisha au zimekwama. Fungua stata, badilisha zote kwa pamoja, na springi zake.

Hatua ya 5: Chaji

Injini ikiwaka, panda resi ya kati, pima betri. Inatakiwa iwe 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, kagua kwanza ethi ya reketifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa chaji) kwa njia ileile ya hatua ya 3, ndipo ushuku koili za chaji. Ikipita 15, badilisha reketifaya siku hiyohiyo, kabla haijakausha maji ya betri.