Somo: Simu za ofisini zinapokea vizuri, ila hazipigi nje

Wakuu, tatizo hili huletwa kwangu kila mara: simu zinaingia, watu wa ndani wanapigiana, lakini ukipiga namba ya nje haitoki. Wengi hukimbilia kuzima na kuwasha mtambo (kifaa au kompyuta inayoendesha simu za ofisi), au hubadilisha mipangilio mitano kwa mpigo. Ikipona, hawajui kilichoiponya.

Simu inayotoka hupita vituo vinne: chombo cha mezani, mtambo, trunki inayouunganisha na mtoa huduma, kisha mtoa huduma mwenyewe. Tafuta kwanza imefia wapi. Mifano yangu ni ya Asterisk, programu ya kuendesha mtambo wa simu, na FreePBX, kurasa za kuipangilia, maana ndiyo niliyoizoea.

Hatua ya 1: Tega sikio. Ikikatwa papo hapo, shuku chombo au mtambo. Kimya kirefu kisha ikatike, mara nyingi ujumbe umetoka na haukujibiwa. Angalia intaneti na faewoli (ukuta wa kuchuja mawasiliano ya mtandao). Kimya cha sekunde chache halafu ikaita si ugonjwa: chombo kinangoja kama utaongeza tarakimu. Kwenye simu nyingi ukibonyeza # inaondoka hapohapo.

Ile sauti iliyorekodiwa inayodai laini zote zina shughuli, msiiamini. FreePBX huicheza trunki zote zinaposhindwa, hata kama hakuna anayeongea ofisi nzima.

Hatua ya 2: Jaribu chombo kingine. Kama ni kimoja tu kinachogoma, kagua ruhusa za namba yake ya ndani, na usiguse trunki.

Hatua ya 3: Usajili, yaani mtambo kujitambulisha kwa mtoa huduma. Kwenye konsoli ya Asterisk (dirisha la kuandikia amri) andika `pjsip show registrations`. Unataka kuona Registered. Ukiona Rejected, anza na jina na nywila. Trunki zinazotambuliwa kwa anwani ya IP hazijisajili, kwa hiyo usishtuke orodha ikiwa tupu. Na kama simu zinaingia kupitia trunki hiyohiyo, usipoteze muda hapa.

Hatua ya 4: Ruwaza za namba, yaani miundo inayoeleza namba zipi ziruhusiwe kutoka. Hapa ndipo penye kesi nyingi. Katika ruwaza, X ni tarakimu yoyote 0 hadi 9, Z ni 1 hadi 9, N ni 2 hadi 9, na nukta ni tarakimu moja au zaidi. Tuseme wafanyakazi hubonyeza 9 kwanza ili kutoka nje. Hiyo 9 inakaa kwenye kisanduku cha prefix, ambako mtambo huikata. Ukiiweka ndani ya ruwaza yenyewe, inasafiri na namba hadi kwa mtoa huduma, naye anaona namba isiyokuwepo duniani.

Halafu muulize mtoa huduma anataka namba kwa muundo gani. Wengine wanataka ule wa kimataifa, alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, jumla isizidi tarakimu 15. Wengine wanataka sifuri ya mbele ibaki. Angalia pia mpangilio wa njia za kutoka (kila njia ina ruwaza zake na trunki yake): mtambo husoma kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo njia yenye ruwaza `X.` ikikaa juu inameza kila kitu.

Tahadhari: usifungue ruwaza pana ya kimataifa "kwa kujaribu tu". Wezi wa dakika hutafuta mitambo ya namna hiyo usiku na mchana, na bili inakuja kwako.

Hatua ya 5: Soma logi. Washa `pjsip set logger on`, piga simu moja, kisha uzime. Usipoona INVITE (ujumbe wa kuomba simu) ikienda kwa mtoa huduma, rudi hatua ya 4. Ukiiona, soma namba ya jibu lake. 404, namba haikutambuliwa. 488, kodeki (namna za kubana sauti) hazikukubaliana. 503, huduma au njia haipatikani. 403 ni kukataliwa: mara nyingi namba ya mpigaji unayoonyesha si yako, salio limekwisha, au nchi unayopiga imefungwa. 407 si kosa, ni kuombwa utambulisho. Wasiwasi uanze ikijirudia.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu inatoka na tunaongea, ila kila simu inakatika sekunde ya 32. Ni salio?*

Siyo. Aliyepigiwa akipokea, upande wake hungoja uthibitisho unaoitwa ACK. Usipofika, muda unaisha kwenye sekunde 32 na simu inakatwa. Weka anwani sahihi ya nje kwenye mipangilio ya NAT (ruta kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje), kisha zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachochezea ujumbe wa simu.

*Asubuhi zinatoka, kazi ikichanganya zinagoma. Jioni zinapona zenyewe.*

Chaneli, yaani nafasi za simu za wakati mmoja kwenye trunki, zimejaa. Zikigoma tu, andika `core show channels`, hesabu mistari ya trunki tu, ulinganishe na idadi uliyonunua. Kumbuka simu iliyoingia ikaelekezwa kwenye namba ya mkononi inakula chaneli mbili.

*Za mkononi zinatoka, za mezani hazitoki kabisa.*

Hesabu tarakimu. Ruwaza yako huenda ina X nyingi kuliko namba za mezani.

*Kweli mkuu, ilizidi X moja. Nimeongeza ruwaza ya pili, zinatoka. Na tawi letu jingine linapata 403, tufanyeje?*

Onyesha namba ya mpigaji iliyosajiliwa kwa trunki ya tawi hilo, siyo ya makao makuu. Ikiendelea, mpe mtoa huduma saa kamili ya simu na mstari wa Call-ID (kitambulisho cha simu hiyo) kutoka kwenye logi. Bila hivyo atakuambia kwake kuko sawa.