Ukipiga dawa kwenye jua kali usiwe peke yako

Wakulima wenzangu, jua likiwa kali kazi ya kuiogopa ni kupiga dawa. Umevaa ovaroli, gambuti, glovu na barakoa, mgongoni una bomba la lita 16, jasho linatoka ila halina pa kukaukia, na mwili unapoa jasho likikauka, kwa hiyo joto lote linabaki humo humo ndani. Dawa yake sio kuvua hizo nguo, dawa yake ni kuanza alfajiri, saa 4 asubuhi uwe umeshasafisha bomba. Maji unywe kikombe kila dakika 15 au 20 kabla kiu haijafika, ila vua glovu na unawe kwanza jamani, msinywe sumu.

Mgeni wa kazi ndo wa kuangaliwa zaidi. Mwili unachukua kama wiki 1 hadi 2 kuzoea joto, sasa wasimamizi wengine siku ya kwanza tu wanampa mtu eneo sawa na wazoefu, halafu akikaa chini wanasema mvivu.

Sasa kwa nini nasema usiwe peke yako? Kwa sababu joto likizidi akili inaenda kwanza, mwenyewe hajui kama anaumwa. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, hapo bado mapema, aache kazi, akae kivulini, alegeze nguo, anywe maji. Ila ukimwona anapepesuka kama mlevi, anaongea visivyoeleweka au anagomba bila sababu, hiyo ni hatari ya kifo, joto la mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40. Na usisubiri eti ngozi ikauke, wengine wanaanguka huku jasho linawatiririka!

Tafuta gari la kwenda hospitali, na wakati linakuja mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, weka vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kinenani. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu. Vidonge vya homa havisaidii hapa.

Kingine, sumu ya dawa nayo inaleta jasho, kichwa na kichefuchefu, ukaona pia mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano na mate yanamtoka, shuku hiyo. Beba na chupa ya dawa au piga picha lebo, daktari ataiulizia.