Trikatu na asali ya Tabora: kuamsha moto wa tumbo kabla ya dawa

Kwa tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, dawa uliyoimeza bado ni mbichi mpaka ipikwe na moto wa tumbo, jatharagni. Ikiiva, kiini chake huingia kwenye majimaji ya mwili, kisha damu, nyama, mafuta, mifupa, uboho, mwisho mbegu za uzazi. Kila ngazi ina moto wake. Moto ukififia hubaki uchafu mzito unaonata, uitwao ama, nao huziba njia. Basi tazama ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ukiwa na utando mweupe mzito, tumbo zito na chakula hakitamaniki, washa moto kwanza kwa trikatu, unga wa viungo vitatu.

Chukua tangawizi kavu, pilipili manga na pippali, ile pilipili ndefu ya India inayopatikana kwenye maduka makubwa ya viungo. Twanga kila kimoja peke yake, kwani tangawizi ina nyuzi zinazobaki kwenye chekeche. Pima uzito baada ya kuchekecha, la sivyo tangawizi itapungua. Gramu 20 kwa kila kimoja zinatosha, kisha changanya. Hifadhi kwenye chupa kavu. Unga ukishika unyevu na kuota ukungu, mwaga.

Mtu mzima achukue gramu 1, kama nusu kijiko cha chai, akoroge na kijiko kimoja cha asali, alambe taratibu kabla ya mlo wa mchana na wa jioni. Asali hapa ni anupana, yaani kibebeo cha dawa, na asali ya miombo ya Tabora inafaa sana. Ikiganda, wengi huibandika jikoni. Msifanye hivyo jamani! Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, inakataza asali iliyopashwa moto, na maabara nazo huona joto likiongeza HMF, kemikali inayotokana na sukari iliyopashwa moto. Ichote hivyo hivyo ilivyoganda. Tena usiichanganye na samli kwa uzito sawa. Ayurveda inahesabu mchanganyiko huo kuwa sumu. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria inayopoozesha misuli.

Kiungulia kikianza, acha: viungo vyote vitatu vina nguvu ya joto. Mwenye vidonda vya tumbo na mjamzito wasitumie.

Jambo la kushikilia zaidi ni hili. Piperini iliyomo kwenye pilipili hizi hupunguza kasi ya vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyovunja dawa. Ndiyo maana huongeza kiasi cha fenitoini ya kifafa, propranolo ya presha na theofilini ya pumu kwenye damu. Anayemeza mojawapo amwambie daktari kabla ya kulamba trikatu, kwa kuwa kidonge kilekile cha kila siku kinaweza kumzidi.