Somo: Michezo ya kumshughulisha mbwa wa ulinzi kwa vifaa vya nyumbani

Mbwa wengi wa ulinzi katika miji yetu, iwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, huishi kwa ratiba moja: hufungiwa bandani alfajiri, hushinda humo mpaka jioni, na hufunguliwa usiku geti linapofungwa. Mwenye mbwa hudhani mnyama wake amepumzika mchana kutwa, kumbe amekaa tu bila kazi, na mbwa asiye na kazi hujitafutia mwenyewe. Hubweka kila bodaboda inayopita, hufukua maua, hutafuna bomba la maji na ndara zilizoachwa barazani, au huzunguka bandani kwa njia ileile moja mpaka sakafu inang'aa. Tabia hizo huitwa ukorofi, na wengi huzitibu kwa fimbo. Somo hili linahusu tiba nyingine, ambayo ni kumfanya mbwa akifanyie kazi chakula chake, hasa kwa pua.

Nasisitiza pua kwa sababu michezo ya kurusha mpira, ingawa inapendwa, humchosha mbwa miguu na kumwacha na kichwa kilichochangamka zaidi ya alivyoanza. Kunusa humtuliza. Mbwa waliofundishwa Usa River, karibu na Arusha, kunusa pembe za ndovu bandarini na katika viwanja vya ndege hufanya msako huo kwa hamu kubwa kwa kuwa kwao ni mchezo, na ujira wao ni mpira wanaochezeshwa wakishapata walichotumwa. Mbwa wako wa kienyeji ana pua ya kutosha kwa mchezo wa namna hiyo.

Hatua ya kwanza: kuandaa chakula cha mchezo

Usiongeze chakula, chukua sehemu ya posho yake ya siku. Ugali wa dona uliolala hukatika vizuri vipande vidogo visivyochafua mkono, na dagaa wakavu wasio na chumvi wana harufu kali inayomfaa anayeanza. Mapupu na maini yachemshwe mpaka yaive kabisa, kwani viungo hivyo vya ng'ombe na mbuzi huweza kuwa na malengelenge ya minyoo ya tegu. Mbwa akivila vibichi huambukizwa, kisha mayai ya minyoo hutoka na kinyesi chake na kumfikia binadamu.

Chokoleti, zabibu, vitunguu maji, vitunguu saumu na makadamia ni sumu kwa mbwa, na wafugaji wa nyanda za juu za Kenya, ambako makadamia hudondoka uani, wawe waangalifu zaidi. Gunzi la mahindi na kokwa la embe, ambavyo wengi humtupia mbwa bila kufikiri, huweza kuziba utumbo hata akahitaji upasuaji. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, kwa hiyo isitumike.

Hatua ya pili: msako wa uani

Huu ndio mchezo mkuu, na asiye na nafasi ya mingine aufanye huu peke yake. Anza mahali penye nyasi fupi, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mshike mbwa au mfunge kwa muda, mwoneshe dagaa mkononi, kisha tawanya vipande kumi hivi mbele ya macho yake, katika eneo lisilozidi upana wa chumba. Mfungue na useme neno moja tu, "Tafuta!", halafu unyamaze. Usimwelekeze kwa kidole wala kumwita pale alipopita bila kuona, maana mbwa anayeoneshwa huacha kunusa na kuanza kukutazama wewe.

Mtazame kwa makini anavyofanya kazi. Kwanza huzunguka ovyo kwa macho, kisha mdomo hufungika, pumzi huwa fupi za harakaharaka, na unasikia pua ikivuta juu ya nyasi. Akikatiza mkondo wa harufu, kichwa hugeuka ghafla kabla ya miguu. Hupitiliza kidogo, hurudi, na kwenda kushoto na kulia kwa mwendo unaozidi kufinyika mpaka afike kwenye kipande. Ukishaiona hiyo geuka ya kichwa, ujue ameelewa mchezo, na siku inayofuata unaweza kutawanya chakula bila yeye kuona.

Baada ya hapo ongeza ugumu kidogokidogo: weka vipande ndani ya matundu ya tofali za bloku, chini ya chungu cha maua, nyuma ya gurudumu la gari, au kwenye panda la mti lililo sawa na urefu wa pua yake. Zingatia upepo pia, kwani mbwa akianzia upande upepo unakoelekea harufu humfuata alipo, na akianzia upande unakotoka hulazimika kuitafuta. Saruji iliyochomwa na jua la mchana ni mahali pabaya kwa mwanafunzi. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, na uache angali anataka zaidi.

Hatua ya tatu: vitu vya kufungua

Trei ya mayai ya karatasi, yenye chakula kwenye vishimo vyake na trei nyingine imefunikwa juu, ni mwanzo mzuri. Kadhalika taulo kuukuu au kipande cha kanga chakavu: tandika, nyunyiza chakula, kunja kama chapati ya kusukuma, na akishaweza kukunjua, funga fundo legevu. Boksi la katoni liondolewe gundi ya karatasi, nailoni na pini za chuma kabla ya kujazwa magazeti yaliyofinyangwa pamoja na chakula. Uani patachafuka, hilo halina budi.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu ifanyiwe kazi zaidi. Ondoa kizibo, ile pete inayobaki shingoni, na lebo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomezwa. Toboa matundu mawili yanayopitisha kipande cha chakula, lainisha kingo zake, kausha ndani, jaza kidogo, na umwache aisukume kwa pua na miguu. Plastiki ikianza kupasuka, ichukue. Siku za joto kali, mchuzi wa dagaa usio na chumvi ukigandishwa kwenye bakuli la plastiki na kutolewa kama jiwe la barafu humpa kazi ya kulamba kwa muda mrefu.

Hatua ya nne: kazi ya mwili

Funga kamba ya katani, au nyingine yoyote imara, kwenye ncha ya mwanzi wa takriban mita moja na nusu, na mwisho wa kamba ufunge kitambaa. Kikokote ardhini kwa duara pana, mara polepole, mara kwa ghafla, kama panya anayekimbilia shimo. Kisiinuliwe juu, kwani kuruka na kujipinda hewani huumiza magoti na uti wa mgongo, na mtoto wa mbwa asiyemaliza mwaka hafai kurukishwa hata kidogo. Kabla ya kila mzunguko mwambie "Kaa", na akikamata mwache ang'ang'anie kidogo, kisha "Achia" kwa kubadilishana na kipande cha chakula. Hapo anajifunza kuchemka na kupoa kwa amri yako, jambo ambalo mbwa wa ulinzi analihitaji kuliko mbwa mwingine yeyote.

Mbwa hupoa hasa kwa kuhema, kwa hiyo mchezo huu ufanywe saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, maji yakiwa karibu. Ulimi ukirefuka na kupanuka nchani, simamisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mbwa wangu ni mlinzi. Nikimzoesha michezo, si atakuwa rafiki wa kila mtu, mpaka wezi?

Jibu: Marahaba. Mchezo humfungamanisha na anayemchezesha, kwa hiyo achezeshwe na watu wa nyumbani tu, na wageni wasimpe chakula. Ukali unaotokana na kufungiwa ni wa hofu na kero, nao humwuma mtoto wa jirani kwa urahisi uleule. Mbwa aliyetulia mchana husikiliza vizuri usiku, na akibweka unajua kuna jambo.

Swali: Nipo Tanga, na familia yetu ni ya Kiislamu. Mbwa analinda shamba na hatumgusi. Je, kuna mchezo unaotufaa?

Jibu: Msako wa uani unawafaa kabisa, kwa sababu kinachogusa mate ni ardhi na chakula peke yake. Atawanye mhudumu akiwa na kijiko cha mpini mrefu kabla mbwa hajafunguliwa. Trei za mayai na maboksi hutupwa baada ya matumizi, hivyo hakuna chombo cha kuosha. Bakuli lake libaki bandani, mbali na vyombo vya nyumba. Kwa hukumu za twahara, muulizeni sheikh wenu. Mimi ni mtu wa mbwa.

Swali: Ninao wawili, dume na jike, na walipopewa trei moja walipigana.

Jibu: Vitu vya kufungua wapewe kila mmoja peke yake, mmoja akiwa bandani na mlango umefungwa, na mabaki yote yaokotwe kabla hawajakutana. Msako wa uani pia waufanye kwa zamu. Usijaribu kuwapatanisha kwa chakula.

Swali: Wa kwangu hataki kunusa, anang'oa na kumeza boksi lenyewe.

Jibu: Basi maboksi na trei si za kwake kwa sasa. Mpe msako wa nyasi, na tofali za bloku ambazo hazitafuniki. Akila karatasi nyingi akatapika, akakataa chakula au akakosa choo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Swali: Mtaani kwetu wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Kumfundisha kutafuta chakula chini si kumtayarishia kifo?

Jibu: Hofu yako ni ya haki, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaotawanya chakula popote, wakati wowote. Weka masharti manne na yasivunjwe. Msako ufanywe mchana tu. Ufanywe katika sehemu moja ya ua iliyo mbali na ukuta wa nje na geti. Uanze baada ya neno "Tafuta" pekee. Na kamwe usitumie nyama mbichi. Sambamba na hayo mfundishe "Acha": weka kipande cha nyama chini ya kiatu chako, mwache anuse na kukwaruza, na pindi akiondoa pua mpe kitu bora zaidi kutoka mkononi. Akiiva, weka kipande wazi karibu na ukuta yeye akiwa kwenye kamba, na kila anapokipita bila kukigusa alipwe na wewe.

Mafunzo hayo hupunguza hatari bila kuiondoa, kwa hiyo mlinzi akague kando ya ukuta kwa tochi kabla ya kumfungua, na mbwa awe ameshiba saa hiyo, maana mwenye njaa husahau somo haraka. Ukimwona anatetemeka, anatokwa na mate mengi au amekakamaa, usimpe maziwa wala mafuta kama wengi wafanyavyo. Tia mabaki ya kile alichokula kwenye mfuko, ufunge mfuko huo, uuchukue, na mkimbilie kwa daktari.