Gari jipya la 4x4 kwenye mchanga laini wa Khaluf: upepo kwanza, mafuta baadaye

Kila msimu wa baridi watu hushuka kutoka Maskati kwenda Al Khaluf, kijiji cha wavuvi huko Mahout, Oman, zaidi ya kilomita 400 kusini, ili wapige kambi kwenye vile vilima vya mchanga mweupe vinavyoteremka hadi baharini. Ukishafika kijijini, njia ya kwenda vilimani ni ufukwe wenyewe. Na hapo ndipo magari mapya yenye injini za kutisha hukwama, huku pikapu kuukuu ya mvuvi ikipita pembeni imeburuta boti. Mvuvi huyo hakuzidi nguvu. Ametoa upepo kwenye tairi, anajua maji yanapwa saa ngapi, na hakanyagi mafuta ovyo. Ukiyashika hayo matatu, gari lako litakwenda.

Hatua ya 1: Lijue gari kabla ya kutoka nyumbani

Fungua kitabu cha gari utafute mambo mawili: namna ya kuingiza magurudumu manne, na mahali pa kufunga kamba. Magari mengi ya siku hizi hayana ndoano ya kuvutia inayoonekana. Kuna kifuniko kidogo cha plastiki kwenye bampa, na nyuma yake tundu lenye nyuzi za parafujo; ndoano yenyewe iko kwenye buti pamoja na jeki. Itoe, ikaze kwa mkono, uone inavyoingia. Kuitafuta usiku, tumbo la gari likiwa mchangani na maji yanakuja, ni kazi nyingine kabisa. Ujue pia kwamba ndoano ya kukaza namna hii imetengenezwa kwa kuvuta taratibu na kwa mstari ulionyooka. Haistahimili kushtuliwa kwa kamba.

Angalia na tairi za akiba. Baadhi ya magari mapya hayana, yamewekewa chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo tu. Kama rimu ni kubwa na mpira wa pembeni ni mwembamba, huna nafasi kubwa ya kupunguza upepo, na mchanga mzito uuache kwa wenzako.

Vifaa: geji ya upepo unayoiamini, kompresa, beleshi, kamba ya kuvutia, jeki na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea chini, na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani unahitaji. Tena nendeni magari mawili. Gari moja peke yake kwenye ufukwe usio na watu silishauri hata kwa dereva mzoefu.

Hatua ya 2: Chagua saa, uchague na ufukwe

Tazama jedwali la maji. Tunaotoka pwani tunajua tangu utotoni: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupwa mbali na hujaa juu sana, katikati yake ni maji mafu, na tofauti ni ndogo. Siku za bamvua utapata ufukwe mpana mgumu wa kuendeshea, lakini maji yakirudi hufika hadi chini ya vilima. Anza safari saa mbili au tatu baada ya maji kujaa, yakiwa yanapwa, na uwe umeshatoka ufukweni kabla hayajarudi nusu. Kila siku mzunguko huo huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba ya juzi si ya leo.

Asubuhi ni bora kuliko adhuhuri. Mchanga wenye umande hushikana, wa mchana hukauka ukawa tifutifu. Na jua la utosini halina kivuli, hivyo shimo huoni mpaka umeshaingia.

Si kila ufukwe ni wa gari. Ras al Jinz na Ras al Hadd ni mahali pa kasa wa kijani kutagia, na katika kisiwa cha Masirah hutaga kasa wengine. Mtaro wa tairi ni ukuta kwa kitoto cha kasa kinachotafuta bahari usiku. Hunasa humo mpaka kaa na ndege wamfikie. Fukwe hizo tuziache kabisa.

Ng'ambo ya Khaluf kuna Barr al Hikman, tambarare ya sabkha. Juu ni gamba la chumvi linaloonekana gumu kama sakafu, chini ni tope. Gari likizama pale halitoki kwa beleshi. Ukilazimika kupita, fuata alama za magari yaliyotangulia, usichepuke hata kidogo.

Hatua ya 3: Toa upepo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Simama mwishoni mwa lami, kabla ya tairi kugusa mchanga, na utoe upepo kwenye tairi zote nne. Kutoka psi 35 za barabarani, gari kubwa kama Land Cruiser au Patrol lishushe hadi 18. Likiwa limepakia sana, 20. Magari madogo ya SUV yenye tairi nyembamba, acha 22 kwanza uone.

Tairi ikipungua upepo hutanuka kidogo kwa pembeni, lakini hasa hurefuka kwa chini. Uzito wa gari haujabadilika. Ukipunguza upepo kwa nusu, sehemu inayogusa ardhi hukaribia kuongezeka maradufu, na kila kipande cha mchanga hubeba mzigo mdogo. Chuchumaa pembeni ya tairi uitazame. Kwa 35 ubavu umesimama wima. Kwa 18 umevimba chini karibu na mchanga, na unaona wazi mpira umelala. Ukishaliona umbo hilo utalitambua hata bila geji.

Taa ya onyo la upepo itawaka kwenye dashibodi. Iache iwake. Kwa upepo huo usizidi kilomita 40 kwa saa, wala usikate kona kwa ghafla, maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu.

Hatua ya 4: Zima kinachokuzuia

Ingiza 4H, yaani magurudumu manne kwa gia za mwendo wa kawaida. Kama gari lina programu ya mchanga, ichague. Halafu tafuta kitufe chenye picha ya gari lenye mistari ya kuteleza nyuma yake, ukibonyeze na kukishikilia mpaka taa iwake. Hapo umezima mfumo wa kuzuia kuteleza, ambao ni mlinzi mzuri barabarani: gurudumu likiteleza, hukata nguvu na kufunga breki. Mchangani magurudumu huteleza muda wote, kwa hiyo kompyuta hukunyima nguvu pale unapoihitaji zaidi. Dereva mgeni hudhani injini imechoka, kumbe gari linajizuia lenyewe. Zima pia ule mfumo wa kuzima injini kila unaposimama.

Hatua ya 5: Endesha

Ondoka polepole, kisha uwe na mwendo mmoja usiokatika. Gia ya pili au ya tatu, mafuta ya wastani, mikono ikiwa laini kwenye usukani. Pita kati ya maji na ule mstari wa mwani ulioachwa na maji ya kujaa. Hapo mchanga umeshindiliwa na bahari. Kaa mbali na maji yenyewe, na mbali na sehemu zinazong'aa kwa unyevu unaochuruzika kutoka chini, maana hizo ni laini ajabu. Punguza mwendo penye boti na watu: kamba za wavuvi hulala mchangani, na huzioni kwa mbali.

Ukitaka kusimama, usikanyage breki. Achia mafuta, gari lisimame lenyewe. Breki hukusanya kilima kidogo mbele ya kila tairi, na kilima hicho ndicho kitakachokuzuia kuondoka. Simama penye mteremko, pua ikitazama chini.

Hatua ya 6: Ukikwama

Gari likianza kuzama, acha mafuta papo hapo. Kila sekunde ya kuzungusha magurudumu huchimba shimo zaidi, na baada ya muda mfupi gari hukalia tumbo. Jaribu kurudi nyuma taratibu kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu mchanga huo umeshashindiliwa.

Likikataa, shuka. Hakikisha magurudumu ya mbele yamenyooka; usukani wa umeme ni mwepesi, unaweza kuwa umepinda bila kuhisi, na gurudumu lililopinda ni breki. Fukua mchanga mbele na nyuma ya kila tairi, kisha chini ya tumbo mpaka uone mwanga upande wa pili. Shusha upepo hadi 15, na kwa tairi zenye ubavu mnene hata 12. Abiria wote washuke. Ingiza 4L, yaani magurudumu manne kwa gia za nguvu na mwendo mdogo, funga difu (ili magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja) kama gari lina kifungio hicho, ujaribu tena kwa upole.

Kamba ni ya mwisho. Ifunge kwenye ndoano halisi au kwenye chasisi, kamwe usiifunge kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Mpira huo ukikatika huruka kwa kasi ya risasi, na umeshaua watu. Weka blanketi zito katikati ya kamba, na kila asiye dereva asimame mbali kuliko urefu wa kamba hiyo.

Hatua ya 7: Kurudi lamini

Rudisha 2H, yaani magurudumu mawili, na uwashe mfumo uliouzima. Jaza upepo hapo hapo kabla ya kukimbia barabarani. Tairi laini kwenye lami ya moto hupata joto na kupasuka. Kagua kingo za rimu kama kuna mchanga ulionasa. Jaribu breki mara mbili tatu kwa mwendo mdogo. Siku hiyo hiyo osha gari kwa maji yasiyo na chumvi, hasa chini: chasisi, ndani ya matao ya magurudumu, na nyuma ya ile bamba ya plastiki inayokinga injini, ambako mchanga wenye chumvi hujificha. Mwagia mpaka maji yanayotoka yawe meupe.