Simamisha picha kabla tajiri hajajibu

Kwa mtu wa Bukavu anayesikia Kifaransa, kipindi cha televisheni chepesi kufuata ili kujifunza hesabu za biashara ni Qui veut être mon associé ?, kinachoonyeshwa na M6 ya Ufaransa tangu 2020. Ni ndugu wa Dragons' Den ya Uingereza na Shark Tank ya Marekani. Wote asili yao ni kipindi cha Japani cha 2001. Mwenye biashara anaomba pesa kwa matajiri, naye anawapa asilimia ya biashara yake.

Pakua sehemu moja umeme ukiwepo. Kaeni wanne au watano, kila mtu na daftari.

Ombi likitajwa, simamisha picha. Gawanya pesa kwa asilimia: dola 2,000 kwa asilimia 20 ni kusema biashara nzima ina thamani ya dola 10,000. Kila mmoja aandike kama angetoa pesa, na sababu yake, ndipo picha iendelee. Ukingoja matajiri waseme kwanza, utawafuata tu.

Kisha lipeleke ombi hilo kwa mtengeneza sabuni wa Kadutu, Bukavu. Bei hizi ni za mfano, weka zako. Mpiko mmoja: mawese dola 25, soda ya sabuni 6, makala 3, kubebesha hadi sokoni 2. Jumla 36. Vinatoka vipande 60, kila kimoja senti 80, yaani dola 48. Faida 12. Mipiko kumi kwa mwezi ni 120, kwa mwaka 1,440. Mwenye asilimia 20 anapata 288, na 2,000 zake zitarudi baada ya karibu miaka saba.

Wengi huteleza hapa: hawajilipi. Jihesabie dola 3 kwa kila mpiko, faida ya mwaka inashuka hadi 1,080, na tajiri anangoja zaidi ya miaka tisa. Kosa lingine, baya zaidi, ni kutaja mauzo ukayaita faida. Swali la pili tu litakuumbua.

Usidanganyike na mwendo wa kipindi. Maongezi ya karibu saa nzima hukatwa yakabaki dakika chache. Hata kupeana mkono si pesa: baadaye vitabu vya hesabu hukaguliwa, na baadhi ya makubaliano huvunjika.

Mwisho mmoja wenu asimame, aeleze biashara yake kwa dakika mbili, kipande cha sabuni kikipita mikononi. Wengine wamuulize gharama ya kipande kimoja. Ajibu bila kufungua daftari: senti 60, na 65 akijilipa.