Kupanga Spika za Daraja la Juu Sebuleni: Mwongozo kwa Nyumba za Arusha

Sebule nyingi ninazofungia spika, kuanzia Njiro hadi Sakina, zina kuta za tofali za bloku zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru na madirisha makubwa ya vioo. Chumba cha namna hiyo hurudisha sauti karibu yote inayokigonga, na ndiyo maana spika za mamilioni zilizosukumwa kwenye kona hushindwa na jozi ya bei ya kawaida iliyopangwa kwa vipimo. Andaa futi kamba, utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, kioo kidogo na mtu wa kukusaidia.

Hatua ya 1: Unganisha nyaya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa sebule ya kawaida, na sioni sababu ya kununua waya wenye bei ya pikipiki. Hakikisha nyekundu imeingia kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi kwa spika zote mbili, kwa kuwa moja ikigeuzwa besi hupungua sana.

Hatua ya 2: Pima chumba. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20. Gawanya 343 kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, nawe utapata masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi) ambayo chumba chenyewe huyakuza. Chumba chenye urefu wa mita 5 hukuza hezi 34, na upana wa mita 4 hukuza hezi 43, jirani kabisa na noti ya chini ya gitaa la besi la nyuzi nne, ambayo ni hezi 41. Hapo ndipo unapotoka ule mrindimo unaofunika gitaa la ridhimu katika muziki wa dansi, na watu wakadhani spika ni mbovu. Usiegemeze kochi kwenye ukuta wa nyuma, ambako mrindimo huwa mkubwa kuliko popote, wala usiliweke katikati kabisa, ambako besi hiyo hiyo hutoweka; anza na theluthi ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma.

Hatua ya 3: Sogeza spika mbali na ukuta. Besi huenea pande zote, hugonga ukuta ulio nyuma ya spika na kurudi ikiwa imechelewa. Uso wa wufa, yaani koni kubwa ya besi, ukiwa mita 1 kutoka ukutani, sauti inayorudi hupingana na ile inayotoka mbele na kuipunguza, ikiacha shimo karibu na hezi 86. Huwezi kulikwepa jambo hilo moja kwa moja, lakini unaweza kuhakikisha umbali wa ukuta wa nyuma haulingani na ule wa pembeni, ili mashimo mawili yasiangukie masafa yale yale.

Hatua ya 4: Tengeneza pembetatu. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila spika hadi kichwani pako, na twita, zile koni ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio. Kisha piga wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa mono, yaani spika zote mbili hutoa sauti ile ile: sauti ya mwimbaji lazima isikike katikati, mahali pasipo na spika. Ikitawanyika, geuza spika kidogo kidogo zikuelekee hadi itulie.

Hatua ya 5: Tuliza kuta. Keti kochini, msaidizi apitishe kioo kwenye ukuta wa pembeni. Panapoonekana spika, weka pazia zito au kabati la vitabu. Zulia nene litandikwe mbele ya spika.

Mwisho, bandika utepe sakafuni kuzunguka kila spika kabla hujaondoa futi kamba, kwa kuwa anayedeki asubuhi atazisogeza.